Charles Darwin, Msomaji wa Riwaya

Chumbani mwetu katika homu ya wanafunzi tunaishi watatu: mimi wa lugha, mmoja wa udaktari, na mmoja wa jiolojia ambaye kila anaporudi kutoka machimboni mfuko wake umejaa mawe. Rafu ni moja. Mwaka jana mawe yalipozidi, mwenzetu huyo alipendekeza riwaya zangu zihamie chini ya kitanda, kwa maana riwaya, kwa maoni yake, ni chakula cha mtu asiye na kazi. Nilipobisha, alileta ushahidi. Charles Darwin mwenyewe, aliyechunguza viumbe kuliko wengi, alikiri uzeeni kwamba hawezi tena kuvumilia hata mstari mmoja wa shairi, na kwamba Shakespeare anamtia kichefuchefu. Jambo hilo mwenzangu alilikuta katika silabusi yake ya mwaka wa kwanza. Sikuwa na jibu.

Kwa mtu wa kitivo chetu hiyo ni aibu mara mbili. Kwanza nilishindwa, na pili nilishindwa kwa tawasifu, aina ya maandishi ambayo tunaihesabu kuwa mali yetu. Basi nikaitafuta tawasifu ya Darwin, nikaipata kwa Kifaransa, kisha nikapata kumbukumbu alizoandika mwanawe Francis juu ya maisha ya kila siku ya baba yake. Nilichokuta ni kwamba mwanajiolojia hakusema uongo, ila alikata maneno katikati. Ninayemsimulia hapa ni Darwin msomaji. Ndege na kobe wa Galápagos nawaachia wenzetu wa biolojia.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 huko Shrewsbury, Uingereza. Baba yake, Robert, alikuwa daktari mwenye mali na mwili mkubwa, na mama yake, Susannah Wedgwood, alitoka katika ukoo wa watengeneza vyombo vya kauri. Mama alifariki mwaka 1817, mtoto akiwa na umri wa miaka minane, na mwaka uliofuata akapelekwa shule ya bweni hapohapo mjini. Shuleni kazi ilikuwa Kilatini na Kigiriki cha kale, pamoja na jiografia na historia kidogo ya zamani hizo. Kila asubuhi, wakati wa ibada, alikariri mistari arobaini au hamsini ya Virgil au Homer, na baada ya siku mbili yote ilikuwa imemtoka. Walitakiwa pia kutunga mashairi ya Kilatini. Yeye na rafiki zake walikuwa na akiba ya mistari ya zamani, wakaiunga kama viraka, na kazi ikapita. Tusicheke sana. Nani kati yetu hajawahi kuona fotokopi ya kazi ya mwaka uliopita ikibadilishwa jina la juu?

Lakini mtoto huyohuyo aliyekwepa mashairi ya darasani alikuwa na dirisha lake. Kuta za jengo la shule zilikuwa nene, na katika unene wa dirisha moja la kale aliketi saa nyingi akisoma tamthilia za kihistoria za Shakespeare. Alisoma pia Byron na mashairi ya Walter Scott. Hakuna mwalimu aliyemwagiza. Kulikuwa pia na kitabu cha maajabu ya dunia, mali ya mwanafunzi mwenzake, ambacho alikisoma mara kwa mara na kubishana na wenzake kama yaliyoandikwa humo ni kweli. Baadaye aliamini kwamba kitabu hicho ndicho kilichompa kwanza hamu ya kusafiri nchi za mbali.

Baba alihofia kwamba kijana hajali kitu isipokuwa bunduki, mbwa na kukamata panya. Akampeleka Edinburgh mwaka 1825 kusomea udaktari. Huko Darwin alishuhudia upasuaji wa mtoto katika siku ambazo dawa ya usingizi haikuwa imepatikana, akakimbia nje kabla haujaisha, na hakurudi tena. Mtu mmoja wa Edinburgh anastahili kutajwa hapa: John Edmonstone, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa Guyana, ndiye aliyemfundisha kukausha ndege na kuwajaza ili wahifadhiwe. Kutoka Edinburgh alihamia Cambridge mwaka 1828, safari hii kwa nia ya kuwa kasisi. Mitihani haikumkalia moyoni. Kilichomkalia ni vitabu viwili alivyosoma mwaka wake wa mwisho, kimoja cha mwanafalsafa wa sayansi Herschel na kingine cha safari za Humboldt huko Amerika ya Kusini. Alinakili kwa mkono kurasa ndefu za Humboldt juu ya kisiwa cha Tenerife, akazibeba katika matembezi na kuwasomea rafiki zake kwa sauti. Kusoma kwa sauti kutarudi mara nyingi katika maisha haya, ingawa baadaye sauti haitakuwa yake.

Tarehe 27 Desemba 1831 aliondoka Uingereza ndani ya merikebu Beagle, akarudi Oktoba 1836. Karibu kila mtu anajua alichokusanya safarini. Wachache wanajua kwamba alilala ndani ya maktaba. Kapteni FitzRoy alikuwa amepakia vitabu takriban 400, na rafu zake zilikuwa katika chumba kidogo cha nyuma ya meli, pale pale ambapo Darwin alitundika machela yake juu ya meza ya ramani. Kwa miaka mitano, kila alipofumbua macho, aliona migongo ya vitabu. Na alipoteremka kwenda bara, akisafiri kwa farasi bila nafasi ya kubeba zaidi ya kitabu kimoja, alichagua kila mara utenzi wa Milton juu ya kupotea kwa Paradiso. Nilipomweleza mwanajiolojia jambo hili alinyamaza kidogo. Yeye huenda porini na nyundo, dira, na simu.

Aliporudi London, akiwa kijana mwenye jina linaloanza kuvuma, Darwin alisoma bila kupumzika. Utenzi mrefu wa Wordsworth uitwao The Excursion aliumaliza mara mbili. Tangu mwaka 1838 hadi 1860 aliweka daftari la vitabu alivyotaka kusoma na vile alivyokwisha kusoma, na humo sayansi, safari, historia, wasifu na riwaya vinafuatana kama watu kwenye foleni moja. Mwaka 1838 alichukua kitabu cha Malthus juu ya ongezeko la watu, na kwa maelezo yake mwenyewe alikichukua kwa kujiburudisha tu. Humo ndimo alimopata wazo la kung'ang'ania maisha ambalo lilizaa nadharia yake yote. Sisemi kwamba kila anayesoma kwa burudani atagundua kitu. Nasema tu kwamba burudani na kazi za mtu huyu zilipita mlango mmoja.

Mwaka huohuo alijiuliza kama aoe. Alichukua karatasi akaigawa sehemu mbili, faida za kuoa upande huu na hasara upande ule. Upande wa hasara aliandika, miongoni mwa mengine, kwamba mwenye mke hawezi kusoma jioni, na kwamba fedha za vitabu zitapungua. Hesabu ikaishia upande wa kuoa. Tarehe 29 Januari 1839 alimwoa Emma Wedgwood, binti wa mjomba wake. Hofu yake ya jioni bila vitabu ilikuwa kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kuandika, maana kwa miaka arobaini na mitatu iliyofuata Emma ndiye aliyemsomea.

Mwaka 1842 walihamia nyumba ya Down, katika kijiji cha Kent, kama kilomita 25 hivi kutoka London. Walizaa watoto kumi, saba wakafikia utu uzima. Kufikia wakati huo afya ya Darwin ilikuwa imevunjika: kutapika, moyo kwenda mbio, uchovu uliomlaza siku nzima. Mazungumzo ya nusu saa na mgeni yaliweza kumnyima usingizi wa usiku. Kwa hiyo siku yake ilipimwa kwa dakika, na Francis ametuachia ratiba yake.

Darwin alianza kazi saa mbili asubuhi, na hiyo saa moja na nusu ya kwanza aliihesabu kuwa bora kuliko zote. Saa tatu na nusu alitoka chumba cha kazi, akalala kwenye kochi la sebuleni, akasomewa barua za familia na baada ya hapo kipande cha riwaya hadi saa nne na nusu. Kazi tena hadi saa sita. Kisha matembezi katika njia yake ya changarawe, chakula, gazeti, na barua zake mwenyewe. Saa tisa alipanda chumbani kupumzika, akajinyoosha, akawasha sigara, na Emma akafungua riwaya. Mara nyingi usingizi ulimchukua. Emma aliogopa kwamba sauti ikikatika mumewe ataamka, basi aliendelea kusomea mtu aliyelala. Darwin akiamka alikuta hadithi imemwacha nyuma, naye alilalamika kwamba amekosa sehemu nzima. Jioni saa kumi na mbili palikuwa na mapumziko mengine, sigara nyingine na riwaya tena. Baada ya chakula cha usiku walicheza backgammon, michezo miwili kila usiku, na hesabu ya ushindi iliandikwa. Mwaka 1876 alimtangazia rafiki yake Mmarekani, mtaalamu wa mimea Asa Gray, kwa furaha ya mtoto, kwamba yeye ameshinda mara 2,795 na maskini Emma mara 2,490 tu. Ndipo akasoma kidogo kitabu cha sayansi, akasikiliza Emma akipiga piano au akisoma, na kwenda kulala.

Hesabu saa hizo, ndugu msomaji. Katika siku yake ya kawaida, mtu aliyebadilisha biolojia alikuwa na nyakati tatu za riwaya, na wakati mwingine ya nne.

Pembeni ya hapo naomba kusema neno juu ya namna alivyotendea vitabu, maana mkutubi wetu angezimia. Kitabu kikiwa kizito mkononi, alikikata katikati. Alijisifu kwamba alimlazimisha rafiki yake Lyell, mwanajiolojia mkubwa wa wakati ule, atoe chapa mpya ya kitabu chake katika juzuu mbili, kwa kumweleza kwamba chapa ya kwanza ilibidi aipasue. Vijitabu vidogo alivichana na kubakiza kurasa alizozihitaji. Kwake kitabu cha sayansi kilikuwa kifaa cha kazi, kama nyundo. Alikuwa na rafu ya vitabu vilivyosubiri, na kila alipoitazama aliguna.

Halafu kuna Kijerumani. Sisi tunaosomea lugha tutamhurumia. Vitabu vingi vya sayansi alivyohitaji vilikuwa katika lugha hiyo, naye alijifunza peke yake kwa kamusi, sentensi chache kwa siku, akizitamka kama vile ni Kiingereza. Alipoanza, alijitapa kwa rafiki yake Hooker, mtaalamu wa mimea, kwamba sasa ameanza Kijerumani. Hooker alimjibu kwamba hilo si kitu, yeye mwenyewe amekianza mara nyingi sana.

Turudi kwenye riwaya. Darwin hakuwa msomaji wa kupendeza wahakiki. Riwaya zake zilitoka kwenye maktaba ya kuazimisha ya Mudie jijini London, na alizipokea karibu zote, nzuri na za wastani. Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, lazima awemo mhusika wa kumpenda kwa moyo wote, na akiwa mwanamke mrembo, heri zaidi. La pili, mwisho uwe wa furaha. Aliandika, nusu kwa mzaha, kwamba inafaa itungwe sheria ya kuzikataza riwaya zinazoishia vibaya. Walter Scott, Jane Austen na Elizabeth Gaskell walisomwa nyumbani kwake na kurudiwa mpaka hawawezi kusomwa tena. George Eliot hakumvutia vile, kwa sababu hadithi zake zina mikasa, ingawa Silas Marner aliisifu mara nyingi. Hakufungua ukurasa wa mwisho kabla ya wakati. Hiyo aliiona ni tabia mbaya.

Nilipofika hapo mara ya kwanza niliona haya kwa niaba yake. Katika somo la uhakiki tunafundishwa kudharau mwisho mtamu, na mimi mwenyewe nimeandika kazi nzima dhidi yake. Kisha nikasoma habari za Annie.

Annie alikuwa binti yao mkubwa. Mwaka 1851 aliugua, na Darwin akampeleka Malvern kwa daktari aliyetibu kwa maji. Emma alibaki Down kwa kuwa alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho. Baba alikaa kando ya kitanda, akimwandikia mama kila siku hali ya mtoto. Annie alifariki tarehe 23 Aprili, akiwa na miaka kumi. Wiki moja baadaye Darwin aliketi akaandika wasifu mfupi wa binti yake: jinsi alivyotembea, alivyocheza, alivyomletea baba ugoro kwa siri, ili miaka ikipita sura yake isiwatoke. Ninaposoma kuhusu sheria yake ya miisho ya furaha, siwezi tena kucheka kama mwanzo. Mtu huyu asubuhi alikuwa akiandika juu ya ulimwengu ambamo wengi huzaliwa na wachache husalimika. Saa tisa alasiri aliomba wahusika wasalimike. Haya ni maoni yangu, na msimamizi wa semina yangu hakubaliani nayo. Anasema Darwin alipenda miisho ya furaha kabla ya Annie na baada yake, na kwamba natafuta sababu mahali ambapo pana ladha tu. Huenda.

Lakini kuna Emma pia. Alikuwa mtu wa dini. Mwanzoni mwa ndoa alimwandikia mumewe barua akieleza hofu yake kwamba uchunguzi wa kisayansi, ambao hauamini kitu mpaka kithibitishwe, utamtenga naye hata baada ya kifo. Darwin aliihifadhi barua hiyo maisha yake yote, na chini yake aliandika kwamba mara nyingi ameibusu na kuililia. Imani yake yeye ilififia polepole mpaka ikaisha. Juu ya jambo hilo hawakuweza kukutana. Kwenye hadithi ya Jane Austen waliweza, kila siku, mara tatu. Nadhani hili ndilo jibu nililopaswa kumpa mwanajiolojia tangu mwanzo. Alichojiburudisha nacho Darwin kilikuwa pia mahali pake na mkewe.

Kitabu chake kikuu juu ya asili ya spishi kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250. Mnunuzi mmoja alichukua nakala 500, naye ni Mudie, ile maktaba ya riwaya. Kwa hiyo nadharia ya Darwin iliwafikia wasomaji wengi katika vifurushi vilevile vilivyobeba hadithi za mapenzi. Sisi tunaokisoma kwa Kifaransa tunapaswa kukumbuka kwamba mfasiri wake wa kwanza, Clémence Royer, mwaka 1862 alikitangulizia dibaji yake ndefu yenye mawazo ambayo Darwin hakuyatuma, jambo lililomkera. Mada hiyo inangoja mtu wa tafsiri ailime. Mhakiki Gillian Beer naye alitoa mwaka 1983 kitabu kizima kinachoonyesha jinsi misuko ya riwaya ilivyoingia katika namna Darwin alivyosimulia maumbile.

Nao waandishi walimtazama. Elizabeth Gaskell, aliyekuwa na uhusiano wa mbali naye wa ukoo, alipotunga Wives and Daughters alimpa mhusika wake Roger Hamley safari ya kisayansi barani Afrika, akiwa na Darwin akilini. Gaskell alifariki Novemba 1865 kabla ya kumaliza sura ya mwisho. Kwa hiyo, kati ya riwaya zote, ile iliyobeba kivuli cha Darwin ndiyo iliyobaki bila mwisho, wa furaha wala wa huzuni.

Historia na wasifu havikuachwa. Francis anasema baba yake alikuwa na vitabu viwili au vitatu mkononi kwa wakati mmoja, riwaya, na labda wasifu, na labda cha safari. Juzuu mbili za Buckle juu ya historia ya ustaarabu wa Uingereza alizisoma mara mbili, ingawa kanuni za Buckle hakuzisadiki sana, na alipokutana naye alichotaka kujua ni mbinu yake ya kukusanya na kupanga habari. Alikutana pia na Macaulay kwa Lord Stanhope, nyumba ambamo wanahistoria walikusanyika. Stanhope alimsimulia kwamba zamani wageni walifungua vitabu kuhakikisha anayosema Macaulay, na baadaye waliacha, kwa sababu kumbukumbu yake haikukosea.

Mwishoni akawa mwandishi wa wasifu. Mwaka 1877 alichapisha maelezo ya ukuaji wa mwanawe wa kwanza, yaliyotoka katika daftari alilojaza karibu miaka arobaini kabla. Mwaka 1879 alitoa maisha ya babu yake Erasmus Darwin, daktari na mshairi, yakitangulia insha ya Mjerumani Ernst Krause. Hapo riwaya ilimrudia kwa sura ya adui. Samuel Butler, mtunzi wa Erewhon na mjukuu wa mkuu wa ile shule ya Shrewsbury, alidai kwamba insha ya Krause iliongezwa maneno ya kumshambulia yeye bila wasomaji kuambiwa, akamlaumu Darwin gazetini. Darwin alikuwa amesahau kutaja kwamba insha ilirekebishwa. Rafiki zake walimshauri asijibu, naye hakujibu, lakini alinyong'onyea. Ni ajabu kwamba mtu aliyekuwa amezoea lawama za maaskofu aliumizwa hivyo na mtunzi wa riwaya.

Sasa yale maneno ya silabusi. Aliyaandika kiangazi cha mwaka 1876, katika tawasifu aliyoikusudia watoto wake. Anasema hadi miaka thelathini au zaidi mashairi yalimpa raha kubwa, na anawataja Milton, Byron, Wordsworth, Coleridge, Shelley. Kisha inakuja ile habari ya kutovumilia mstari wa shairi na kichefuchefu cha Shakespeare, na kwamba picha na muziki pia vimepungua utamu. Akili yake, anasema, imekuwa kama mashine ya kusaga mambo mengi ili kutoa kanuni. Hapo silabusi ya mwenzangu iliishia.

Ukurasa hauishii hapo. Anasema kwamba riwaya kwa miaka mingi zimekuwa faraja na furaha yake ya ajabu, na anawabariki watunzi wote. Anaongeza kwamba historia, wasifu, safari na insha za kila namna vinampendeza kama zamani, hata pasipo jambo lolote la kisayansi ndani yake. Na juu ya kilichopotea hajivuni. Anakiita upotevu wa furaha, pengine wenye kudhuru akili na zaidi tabia ya mtu, na anasema kama angeishi tena angejiwekea sharti la kusoma shairi na kusikiliza muziki walau mara moja kwa wiki. Mwanajiolojia alikuwa ameleta kilio cha mtu kama ushahidi kwamba hakuna cha kulilia.

Kwa nini riwaya zilibaki na mashairi yakaondoka? Nilikuwa na nadharia safi: riwaya ziliingia kwa sikio, kwa sauti ya Emma, na shairi alilisoma kwa macho yale yale yaliyochoshwa na kazi. Niliipenda sana nadharia hiyo mpaka nilipokumbuka piano. Muziki nao uliingia kwa sikio na kwa mikono ya Emma, na bado aliutaja kati ya vilivyopungua. Francis, lakini, anasema kwamba baba yake alijihukumu kwa ukali, na kwamba alivyomkumbuka yeye, wimbo mzuri uliendelea kumgusa, ingawa hakuweza kuutambua ukipigwa tena. Basi nadharia yangu inachechemea, na naiacha hapa kwa yeyote anayetaka kuichukua.

Charles Darwin alifariki Down tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa Westminster Abbey wiki moja baadaye. Familia ilikuwa ikitarajia kumzika kijijini. Emma hakwenda London kwenye mazishi. Aliishi hadi 1896.

Ukurasa ule wa tawasifu niliufasiri kwa Kiswahili, nusu zote mbili, nikamsomea mwenzangu usiku mmoja umeme ulipokatika na tukawasha buji. Alisikiliza akigeuzageuza jiwe mkononi. Alisema ile sheria ya miisho ya furaha angeipigia kura. Kisha akauliza kama ninacho chochote cha huyo Scott. Nilikuwa na Ivanhoe kwa Kifaransa, bila jalada, niliyoinunua sokoni. Nilimwambia achukue, akasema macho yamechoka, nimsomee mimi. Mawe bado yamejaa rafu, ila siku hizi umeme ukikatika hunikumbusha tulipoishia.